Alama ya Kidole Mguuni

Mikono ya Raya ilikwisha pakwa hina, na sasa Bi Shemsa, mpambaji wa maharusi, aliushika mguu wake. Akaubonyeza kwa kidole gumba; alipokiondoa, kiliacha shimo juu ya kifundo. Wote wawili walingoja nyama irudi. Haikurudi.

"Mwanangu, mguu huu umejaa maji."

"Nimesimama sana tangu asubuhi, Bi. Wewe paka tu."

"Nimeshika miguu ya maharusi miaka ishirini. Huu si uvimbe wa kusimama." Bi Shemsa akaliweka chini bakuli la hina. "Vidonge vyako unameza?"

Raya akatazama ukutani. Vidonge vile vilikuwa vya kuituliza kinga ya mwili wake, ambayo kwa ugonjwa wa lupasi ilikuwa ikizishambulia figo zake mwenyewe. Lakini pia viliuvimbisha uso wake ukawa duara, hata shangazi zake wakamwita Boflo, kama mkate ulioumuka.

"Niliacha, wiki ya tatu sasa. Nilitaka bwana harusi akinifunua shela anione mimi, asione boflo."

"Na daktari alikwambiaje?"

"Kwamba nikiacha, figo zitakufa."

Bi Shemsa akaanza kuinuka. "Nakwenda kumwita mama yako."

"Hapana, Bi. Nitamwambia mwenyewe."

Raya akasimama, mikono ameiinua juu hina isivurugike, akausukuma mlango kwa kiwiko.

"Mama!"

Ngoma ikakatika. Uani wanawake wote wakamgeukia, wengine midomo ingali wazi kwa vigelegele.