Chumba cha Sita

Siku taasisi ya ushauri nasaha ilipohamia jengo lake jipya, Hadhara alikabidhiwa chumba cha sita. Aliufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Vicheko vya vijana wa darasa la stadi za maisha vikabaki nje.

Miaka tisa iliyopita, alipokuja baada ya kumzika mwanawe wa pekee, taasisi nzima ilikuwa stoo nyuma ya duka la cherehani, na mlango wake ulikuwa pazia. Mama Nasikiwa, aliyeianzisha, hakumhoji. Majuma matatu walikaa kimya pamoja, Mama akitoka mara kwa mara kuwaomba wapita njia wapunguze sauti.

Sasa Mama aliingia taratibu, akaegemea ukuta uliokuwa bado unanukia rangi.

“Umejenga kweli, Mama,” Hadhara alisema. “Asante kwa kunivumilia.”

“Tumejenga, mwanangu. Wewe ni mshauri wetu wa kumi na nne. Haya, una mgeni.”

Mgeni alikuwa fundi baiskeli wa makamo, aliyefiwa na mkewe. Aliketi akiinamia sakafu. Maneno ya mafunzoni yalimjaa Hadhara mdomoni, akayameza yote, akasogeza kiti karibu.

“Sina la kusema,” fundi alisema.

“Si lazima useme, kaka. Nipo.”

Wakakaa. Muda mrefu ukapita. Kisha yule fundi akavua kofia yake, akaiweka mezani kwa uangalifu, akavuta pumzi.