Chupa Isiyotikiswa

"Usiiguse!" Mkemia alimzaba fundi wa maabara kibao mkononi. "Ukiitikisa tu, miezi yangu mitatu imekwenda na maji."

"Haya, Mama Chupa. Mwanao amelala, simwamshi."

Ukali wa mkemia ulikuwa na sababu. Mama yake mzazi, mikono ikimtetemeka, alishindwa kutikisa dawa yake ya kifafa. Unga ukatuama chini. Siku nyingi akanywa maji matupu, kisha kijiko cha mwisho, kizito kama uji, kikamlaza hospitali.

Dawa iliyokuwa mezani ni ileile, ila mkemia aliiongezea molekuli ndefu yenye pande mbili zisizopatana. Upande mmoja hung'ang'ania chembe ya dawa, wa pili hujinyoosha majini na kuzisukuma chembe jirani zisirundikane. Kwenye karatasi ilikubali. Lakini mtu hanywi karatasi.

Alizamisha mrija mwembamba taratibu mpaka ukagusa kitako cha chupa. Hakukuta tope. Alivuta tone, fundi akalitia kwenye mashine ya kupima wingi wa dawa. Tone lililovutwa juu ya chupa lilikuwa limeshasoma hamsini.

"La chini?"

"Hamsini."

"Kaka, leo sitaki utani."

Fundi, mtu wa kutania hata kwenye foleni ya sindano, hakucheka. Alimgeuzia mashine ajisomee, kisha akaiinamia chupa, pua karibu iguse kioo.

"Miezi mitatu," alinong'ona, "na hakuna hata chembe moja iliyoshuka."

Mkemia alikuwa anabandua kwa ukucha lebo ya chupa iliyoandikwa: *Tikisa kwanza*.