Mwiba wa Mlimau

Mwanaima aliuchonga mwiba wa mlimau kwa kisu, akauchomeka mahali pa sindano ya gramafoni, kisha akaizungusha hendeli mpaka ikagoma. Alfajiri ile aliamka asiikumbuke tena sauti ya marehemu binti yake.

Sauti hiyo ilibaki katika santuri moja tu, alimoimba akifuatwa na nyuzi za udi. Mumewe aliifunga kwa kitambaa cha hariri, haipigi tangu sindano nzuri zilipomwishia. Hata zamani, alipowapigia wageni, alikuwa akiwaambia, "Sikizeni udi ulivyo safi!"

Sasa alikuwa mlangoni, ametoka msikitini, kanzu imelowa jasho mgongoni.

"We mwanamke! Mwiba? Utaichubua yote!"

"Na ichubuke, bwana. Wewe wausikiza udi. Mimi namtaka mwanangu."

Akautua mwiba.

Santuri ililia kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Mume aliruka, akaukamata mkono wa gramafoni auinue. Ndipo, katikati ya mikwaruzo, binti akasikika akivuta pumzi, ile pumzi yake fupi ya kabla ya kuimba.

Vidole vya mzee vikabaki pale pale, haviinui, haviachii.