Kila Kumi, Jina Moja

Tiya Sepa aling'oa mche wa kumi, akautupa kwenye rundo, akainua uso na kupaza sauti: "Palmares!"

Kisha akainama tena. Miche ya mikoko ilichomoka matopeni na tepe zake nyekundu, mizizi ikichuruzika tope jeusi. Alipotimiza kumi nyingine akaita, "Gallego!"

Watu wa Punta Talaba walisimama ufukweni, wengine na miswaki mdomoni, hawaamini macho yao. Mwanamke huyu wa miaka sitini na tisa, shangazi wa kijiji kizima, ndiye aliyewachapa kwa ulimi miezi mitatu hadi wakaipanda miche hiyo. Aliyechelewa aliitwa mvivu mbele ya wakwe zake. Na leo, siku ambayo mkaguzi anatoka mjini kuja kuihesabu, ndiye anayeing'oa!

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mama mmoja. "Huyu kalambishwa asali."

"Na sisi anatulaani kwa majina ya koo zetu! Hamsikii?"

"Ambo! Wewe si mgambo? Au hiyo fulana umepewa ya kulalia?"

Ambo alikunja suruali, akachukua kamba, akaingia matopeni. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Yeye peke yake alikuwa amepanda miche mia moja na themanini, na mgongo haujamwachia hadi leo.

Alijua alichokuwa anakipigania. Ng'ambo ya ghuba, kule Lawis, mikoko ilifyekwa yote ili yachimbwe mabwawa ya kufugia kamba. Watu waliahidiwa neema. Ikaja Tufani Marita, bahari ikawafuata vitandani. Walizikwa watu sitini na mmoja, na mmoja wao alikuwa mume wa Tiya Sepa, kibarua wa mabwawa hayohayo. Wenye mabwawa walikuwa mjini, wamelala pakavu. Huku Punta Talaba hakufa hata kuku. Kila ukoo uliingiza ngalawa yake msituni, ukaifunga kwenye mkoko wake, uleule waliofungia babu zao, na mawimbi yakaishia kwenye mizizi. Binti wa Ambo alizaliwa siku hiyo ndani ya ngalawa, chini ya mkoko wa ukoo wao, Sumagaysay.

Kwa hiyo uvumi ulipoenea kwamba wenye mabwawa sasa wanaunyemelea msitu wa huku, kijiji kilichemka. Hapo ndipo alipotokea mhandisi Belarmino na boti yake, na mikate ya moto, na tepe nyekundu za kufungia miche.

"Pandeni," aliwaambia. "Msitu unaoongezeka nani atathubutu kuugusa?" Akamgeukia Tiya Sepa kama anayemwita mama yake. "Nanay, mikoko mikubwa mnayo mingapi?"

"Mia mbili thelathini na mmoja," alijibu kwa majivuno. "Naijua kuliko meno yangu."

"Basi tupande miche elfu mbili mia tatu na kumi."

Ilionekana namba nzuri, ya mtu mkarimu. Mche wa mwisho aliupanda Tiya Sepa mwenyewe, wakampigia makofi.

"Tiya, acha," alisema Ambo, maji yakimfika magotini.

"Dumaguit!" aliita Tiya Sepa, na rundo jingine likaanguka.

"Nitakufunga, Tiya. Kuharibu mikoko ni jela. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Nifunge mkono wa kushoto basi. Wa kulia una kazi."

"Wamekupa nini? Sema wamekupa nini!"

Kofi la matope lilimtua shavuni.

"Mimi, nipewe?" Mzee alimnyooshea kidole chenye tope. "Nenda kasome ubao waliopigilia asubuhi hii pale mdomo wa mto, mjinga mwenzangu. Kasome, halafu rudi unifunge hata shingo."

Ambo hakutaka kusikia. Alimfunga mikono yote miwili, akamvuta kama anavuta mbuzi wa jirani aliyekula mboga zake. Watu walishangilia. Mmoja alitema mate njiani, na Tiya Sepa akayakanyaga bila kutazama. Alikuwa anatazama jua tu, limefika wapi.

Njia ya kwenda ofisi ya kijiji hupita mdomo wa mto. Boti ya Belarmino ilikuwa imetia nanga hapo, na wanaume wageni wamekalia masanduku marefu wakinywa kahawa. Belarmino alimpungia Ambo mkono.

"Asante sana, mgambo! Mkaguzi yuko njiani. Mwangalieni huyo bibi asiguse mche hata mmoja tena."

Ambo akasimama. Hakujua kwa nini maneno hayo yalimchoma. Ubao ulikuwa mbele yake, mpya, bado unanuka rangi, na akausoma kwa sauti ili amzibe mzee mdomo:

"Kibali. Mwombaji, mhandisi Belarmino, anaruhusiwa kukata mikoko mikubwa 231 ya Punta Talaba na kuchimba mabwawa ya kamba, mradi kwa kila mkoko mmoja awe na miche kumi iliyo hai siku ya ukaguzi. Mkoko utakaopungukiwa miche yake hautakatwa."

Alisoma mara ya pili, safari hii bila sauti. Kisha akafungua kamba mikononi mwa Tiya Sepa, akavua fulana ya mgambo, akarudi mbio matopeni hadi kwenye miche aliyoipanda mwenyewe. Aling'oa akihesabu, na alipofika kumi kila mtu ufukweni alimsikia akipaza sauti:

"Sumagaysay!"