Kengele ya Eliufoo

Kipupwe kikiingia, njia za mlimani huwa utelezi mtupu, na wanachama wa klabu ya baiskeli huacha kupanda. Hukusanyika bandani kwao, kila mmoja akachomoa kadi yenye jina kutoka kwenye helmeti, kisha akaitengeneza baiskeli ya mwenzake. Anayemaliza hupiga kengele ya baiskeli hiyo, mwenyewe aje kuichukua.

Ndeshi alitia mkono, akatoa kadi ya Eliufoo, mumewe. Walikuwa wamemzika mwezi wa nne.

"Shemeji, kosa ni langu," alisema Tarimo, katibu wa klabu. "Kadi ni zile zile za mwaka jana, sikuzipitia. Irudishe, uchukue nyingine."

"Nimeshaichukua," alisema Ndeshi.

Akaikokota baiskeli ya mumewe kutoka ukutani, ilikoegemezwa nyuma ya nyingine zote. Aliiosha tope kwa maji baridi mpaka vidole vikafa ganzi, naye hakuona tofauti, maana mwili mzima ulikuwa hivyo tangu msibani. Akaupaka mnyororo mafuta. Akakaza breki. Mtu alimwekea kikombe cha chai ya tangawizi karibu, akarudi kwenye kazi yake. Kiti hakukigusa, kilibaki juu, kwa kipimo cha miguu mirefu ya Eliufoo.

Kisha kazi ikamwishia mkononi.

Ndeshi alisimama, kidole gumba juu ya kengele. Spana zote bandani zikanyamaza, na Tarimo, bila kujijua, akageuka kuutazama mlango.