Uzi wa Agosti

Johana alisimamisha cherehani aliposikia Mama Mhindi analia ndani ya duka. Kilio chenyewe kilikuwa cha adabu, cha mtu asiyetaka kufukuza wateja.

Miaka ishirini na miwili Johana alikuwa fundi wa nguo kwenye baraza la duka hilo, pale Litein. Kila Agosti alimwona mama huyu akimfunga kaka yake uzi mwekundu mkononi, ndio sikukuu yao ya undugu, kisha anamlisha peremende ya maziwa, ingawa kitambi cha kaka hakikuomba nyongeza. Juni ya mwaka huu, 1995, kaka alifariki.

Na bado, Johana alipoingia na mkasi wake mkononi, sinia lilikuwa tayari: taa ndogo, peremende, uzi.

"Leo kila dada nafunga ndugu yake," akasema. "Mimi tafunga nani, Johana? Mlango?"

Johana aliutazama ule uzi. Pasaka iliyopita yeye, mzee wa kanisa, alikata uzi kama huo mkononi mwa muumini mmoja mbele ya watu wote, kwa mkasi huu huu wa kazi. Alisema ni hirizi. Yule mtu hajarudi kanisani.

Akaweka mkasi chini. Akakunja shati hadi kwenye kiwiko, akanyoosha mkono.

Mama Mhindi alifunga, lakini fundo likalegea.

"Kaza, dada," Johana akasema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Jumapili mkono huu ndio utabeba mkate wa Meza ya Bwana."