Eda Isiyokwisha

Mnapopita dirishani kwa Bi Zamzam mnageuza macho, na mnajua fika kafungiwa. Siku hizi eda ya mjane inahesabiwa na mtambo, tangu faili la kumbukumbu ya marehemu lilipoguswa mara ya mwisho, na mlango haufunguki mpaka iishe. Yake ilikwisha. Aliomba tu namba ya kaburi la mumewe irekebishwe humo. Mtambo ukaandika tarehe mpya, mlango ukajifunga, na bintiye yuko hospitali na uchungu wa kuzaa, peke yake.

"Mume wangu kafa mara moja, mwanangu! Ninyi mnamuua mara ngapi?" alimfokea karani wa mtambo kwenye simu.

"Pole, mama. Malalamiko yako nimeyaingiza kwenye faili la marehemu."

Hapo hapo mlango ukatangaza kwamba eda imeanza upya.

Chukueni mitaimbo mkaung'oe mlango ule sasa hivi, mama amfikie mwanawe!